Besi Iliyochaguliwa kwa Simu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga besi katika bendi ya kituo chetu na kutengeneza karibu kila ala iliyovunjika humu ndani, Mzee Wa Chini anastaafu. Jina lake la kwenye barua ya ajira tunalijua mhasibu na mimi wa Utumishi. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, humwita Wa Chini, kwa sababu karakana yake iko ghorofa ya chini kabisa, ubavuni mwa chumba cha jenereta, na kwa sababu kazi yake katika muziki ni zile sauti za chini ambazo wengi wetu hatujui hata kama tunazisikia. Kazi ya kumwandikia wasifu huu nimeangukiwa nayo kwa kuwa jarida la wafanyakazi nalihariri mimi. Nilijaribu kuikwepa kwa visingizio viwili vitatu, nikashindwa.

Alifika hapa akiwa kijana mwembamba, gitaa lake la besi amelifunga kwa shuka kwa kukosa mfuko. Siku ya usaili, kiongozi wa bendi wa wakati huo alimwambia apige chochote. Akapiga noti moja, akasimama, akaomba radhi, akatoa bisibisi mfukoni, akakaza skrubu moja, kisha akaanza upya. Kiongozi yule alisema mpaka anaondoka kazini kwamba hakumbuki kijana alipiga nini baada ya hapo, alimwajiri kwa ajili ya bisibisi.

Mafanikio yake mnayasikia kila siku. Zile hatua nne za besi kabla msomaji wa taarifa ya habari hajavuta pumzi ni vidole vyake. Kibwagizo cha michezo ni chake, na kile cha kipindi cha wagonjwa ambacho mama yangu husimamisha kuosha vyombo ili akisikilize, nacho ni chake. Fundi wa ala alipohama na nafasi yake isijazwe, Wa Chini alishuka karakanani kushikilia kwa muda, na muda huo ndio unaisha mwezi huu. Ametengeneza vinanda, ngoma, birika la wahariri na miwani ya wakurugenzi watatu kwa zamu. Mtangazaji wa michezo, ambaye leo ni mkubwa na sitamtaja, aliwahi kumwaga chai ndani ya amplifaya akaificha nyuma ya pazia. Wa Chini hakumshitaki. Alisubiri kipindi kianze, amplifaya ikapata moto, studio nzima ikanuka maziwa, na mkosaji akajikuta anatangaza mpira huku ameziba pua.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe nimelielewa ukubwani, maana bila hilo huyu mzee hamtamjua. Besi ya umeme haitoi sauti kwa tumbo lake. Chini ya nyuzi hukaa pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mno, na hizo ndizo zinazonasa mtikisiko wa uzi na kuupeleka kwenye spika. Ukiweka pikapu upande wa shingo, mahali uzi unapocheza kwa nafasi, sauti inatoka nene. Ukiiweka karibu na daraja, pale uzi unapofungiwa na hauwezi kucheza sana, inatoka kavu na kali. Wa Chini alikuwa na mipangilio mitatu aliyoiheshimu. Wa kwanza ni pikapu moja ya katikati iliyogawanywa vipande viwili, kila kipande na nyuzi zake mbili, na sauti yake imeshiba, ya mviringo. Wa pili ni pikapu mbili nyembamba, moja shingoni na nyingine darajani, ambazo mpigaji huzichanganya kwa vitufe kama mtu anayechanganya maji ya moto na ya baridi. Wa tatu ni pikapu moja nene karibu na daraja. Hiyo hubweka. Besi ya studio aliitoboa uwazi mkubwa ili aweze kuchomoa mpangilio mmoja na kupachika mwingine kulingana na wimbo.

Tatizo lilikuwa kulinganisha. Alikuwa akisema kwamba anayepiga hawezi kuwa mwamuzi, kwa sababu mkono unajua kilichopachikwa na unakwenda kulidanganya sikio. Alihitaji mtu wa kusikiliza bila kuona. Wenzake wa bendi hawakufaa: mpiga ngoma alichagua kila mara ile isiyoshindana na ngoma zake, na mwimbaji alipenda zaidi pale besi iliponyamaza kabisa. Basi alasiri moja, akiwa amekwama, Wa Chini akainua mkono wa simu ya karakanani, akabonyeza sifuri, akamwomba opereta wa simu amwazime masikio kidogo.

Opereta tulimwita Bi Sifuri kwa sababu hiyo ndiyo namba yake. Mimi nilikuwa karani mpya nikiketi kwenye meza ya jirani katika chumba chake cha ghorofa ya tatu, kwa hiyo upande wake wa mazungumzo naujua. Hakujua gitaa lina nyuzi ngapi wala hakuomba kufundishwa. Aligeukia ukuta, akafumba macho, akasikiliza ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akatoa hukumu. Hii imevaa koti. Hii inaongea na mimi, ile inaongea na ukuta. Na ile nene ya darajani, siku zote, ilikuwa mkwe aliyefika bila taarifa. Wa Chini, huko chini, aliyafuata maneno hayo kama maagizo ya daktari. Mara nyingi alichagua mpangilio wa pili kwa sababu Bi Sifuri mara nyingi aliuchagua.

Siku moja mkurugenzi wa enzi hizo alipiga simu kwa opereta bila kupata jibu, akapanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, mishipa imemtoka. Alimkuta Bi Sifuri amegeukia ukuta, mkono wa simu sikioni. Kabla hajafungua kinywa, mama yule, bila kugeuka, akainua kidole kumwomba anyamaze. Naye akanyamaza. Nilikuwepo, na nathibitisha kwamba mkurugenzi mzima alisimama mlangoni mwetu akisubiri besi iamuliwe. Alimkaripia baadaye vizuri tu, na miezi michache baadaye alihudhuria harusi ya Bi Sifuri na Wa Chini.

Wengi mlidhani baada ya kuoana wataacha mchezo wa simu, mtu na mkewe wana haja gani ya laini ya ndani? Hawakuacha. Bi Sifuri alikataa kushuka karakanani. Alisema akimwona mumewe anahangaika atamwonea huruma na kuchagua vibaya. Nyumbani hawakuwa na gitaa, walikuwa na redio tu, na binti mmoja ambaye siku hizi anafanya kazi mbali na huwapigia, samahani, humpigia baba yake Jumapili.

Kisha likaja lile la kantini. Fundi mitambo wetu mkuu, mtu mwema ambaye ulimi wake hauna breki, alisikia habari ya kuchagua besi kwa simu akaweka kijiko chini. Akatueleza kwamba laini ya simu imetengenezwa kwa maongezi ya watu, na sauti za chini inazikata zote. Kwa maneno mengine, kwa miaka yote hiyo Bi Sifuri hakuwa amesikia besi. Alichosikia ni makali ya juu ya kila noti na mkwaruzo wa ngozi kwenye waya. Kantini ilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Wa Chini hakucheka. Aliacha sahani yake, akapanda ngazi zote, akamweleza mkewe kwamba wamekosea tangu siku ya kwanza. Bi Sifuri alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Kwani mimi nilikuambia nasikiliza besi? Nilikuwa nasikiliza vidole."

Fundi mitambo ndiye aliyerudi baadaye, kichwa chini, na sehemu ya pili ya elimu yake. Alikuwa amekaa na kufikiri. Redio ndogo za jikoni, za vinyozi, za walinzi wa usiku, nazo hazina spika ya kutoa sauti za chini, na kinachopita kwenye simu ni karibu kilekile kinachopita kwenye redio hizo. Wale wawili, kwa kosa ambalo fundi yeyote mwenye akili timamu asingelifanya, walikuwa wamechagua besi kwa sikio la msikilizaji wetu hasa. Ndiyo maana besi yetu unaweza kuifuata noti kwa noti kwenye kiredio cha betri mbili. Wanamuziki wa nje walipomuuliza Wa Chini siri yake, alijibu kwamba siri yake iko kazini mpaka saa kumi jioni, wapige simu.

Bi Sifuri alitutoka miaka minne iliyopita, kwa maradhi yaliyomchukua kabla hatujazoea kwamba anaumwa. Muda si mrefu ikawekwa mashine ya kupokea simu, yenye sauti ya mwanamke asiyejulikana anayekuambia ubonyeze moja au mbili. Chumba chake nikapewa mimi. Simu za ndani za namba sifuri bado zinalia mezani kwangu, kwa kuwa mafundi walisema kuihamisha laini ile ni mpaka wavunje ukuta.

Wasifu wa mstaafu hutakiwa uchangamke, nami nimejitahidi hadi hapa. Lakini itakuwa uongo kusema kwamba miaka hii minne mwenzetu alikuwa sawa. Alikuja kazini mapema na kuondoka pale msafishaji alipohitaji kufunga. Kantini alikaa meza ya pembeni, na ukimsogelea anakukaribisha kwa heshima zote, anakuuliza habari za wanao mmoja mmoja, kisha maneno yanaisha. Niliwahi kumuuliza anaishije. Akaniambia akifika nyumbani anawasha redio kwanza ndipo anavua viatu, maana akianza na viatu anasikia jinsi vinavyoanguka sakafuni.

Mwaka uleule aliofiwa, ndipo besi mpya ilipofika. Ile ya zamani ilikuwa imechoka kwa kutobolewa, mbao ilianza kupasuka kandokando ya ule uwazi mkubwa, na shingo ilikuwa inapinda. Hii mpya ilikuja mbao tupu, haina tundu hata moja, na safari hii isingewezekana kutoboa ovyo: ungechagua mpangilio mmoja, ungeukatia mahali pake, na huo ndio ungekaa humo maisha yote. Wa Chini alichonga fremu ndogo ya kushikilia pikapu juu ya nyuzi badala ya chini, ili aijaribu mipangilio yote kabla ya kuigusa mbao. Akaijaribu mwaka mzima. Akajaribu mwaka wa pili, na wa tatu. Akijirekodi na kujisikiliza, mkono ulikumbuka. Alimwita kiongozi wa sasa wa bendi asikilize, naye kwa adabu yake akawa anachagua ile anayodhani mzee anaipenda. Fundi mitambo alileta kipimo chake, kikatoa michoro mitatu mizuri ya kutundika ukutani. Tulipomuuliza kazi imefikia wapi, alisema mbao bado inapumzika. Sote tulijua mbao ilikwisha kupumzika zamani.

Mwezi uliopita utawala ukatoa kauli. Besi ya zamani haifiki mwisho wa mwaka, na mpiga besi mpya, dada mmoja hodari aliyeajiriwa kuziba nafasi, hawezi kuanza kazi na ala inayopasuka. Kama mzee ataondoka bila kuitoboa hii mpya, itapelekwa kwenye karakana ya nje, huko wataikata kwa kipimo cha siku zote, bila kuuliza itasikikaje wala na nani. Wa Chini alipokea kauli hiyo kwa kutikisa kichwa. Jioni yake aliniambia kwenye ngazi kwamba hajawahi kuacha kazi nusu, na kwamba hajui ataanzia wapi.

Wiki iliyopita, alasiri, nilikuwa mezani nikiandika wasifu huuhuu, nimekwama kwenye mafanikio, simu ya sifuri ikalia. Nilijua ni nani kwa jinsi alivyokaa kimya kabla ya kusema. Akaniuliza kama nina nafasi kidogo. Nikasema ninayo, japo sikuwa nayo. Akaniomba nigeukie ukuta.

Nikageuka. Ukuta wa chumba kile una alama ya rangi iliyo safi zaidi pale ubao wa laini za simu ulipokuwa umetundikwa, nami nikawa naitazama hiyo alama. Akapiga kwa mpangilio wa kwanza, akatulia akibadilisha, akapiga wa pili, akatulia, akapiga wa tatu. Nilibana simu sikioni mpaka likauma. Nawaambia ukweli, ndugu zangu, nilitamani kusema ya pili. Ningemfurahisha, angetoboa, besi ingekwisha, na mimi ningerudi kwenye kazi yangu. Lakini alikuwa mtu wa miaka thelathini na moja kazini na alikuwa ameniuliza swali la kazi.

"Mzee," nikamwambia, "sisikii tofauti."

Akauliza, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilisikia anahamisha kiti. Nikadhani anakata simu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

"Basi usichague, mwanangu," akasema. "Kaa tu kwenye laini."

Nikakaa. Akapiga tena yote mitatu, safari hii bila haraka, na bila kuniuliza kitu. Hakupiga kibwagizo wala wimbo ninaoujua. Nje ya dirisha watu walikuwa wanashusha viti vya sherehe ya kumuaga kutoka kwenye gari na mimi sikuwageukia. Sijui ilichukua muda gani. Alipomaliza alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushika penseli, kwamba atatoboa ule wa kwanza, pikapu moja ya katikati.

Nilimuuliza kama Bi Sifuri angeuchagua huo. Akacheka kidogo, akasema asingeuchagua hata siku moja. Nikamuuliza basi kwa nini.

"Zile pikapu mbili za mpangilio wa pili ni nzuri," akasema, "lakini zinanyamazishana mvumo wa umeme. Ukizifungua zote sawa, kimya. Ukishusha moja, iliyobaki inaanza kuvuma, na huna la kuifanya. Mimi huo mvumo nimekaa nao miaka minne. Huyu dada anakuja kufanya kazi humu chini peke yake, simwachii hilo. Hii ya katikati vipande vyake viwili viko pamoja. Haivumi."

Baada ya hapo hakuna aliyekata simu. Hatimaye nilimsikia akiwasha drili, simu ikiwa bado imelala mezani kwake, na mimi nikasikiliza mbao ikikatwa mpaka mwisho.

Besi mpya ilianza kazi Jumamosi iliyopita. Wa Chini aliomba asiwepo studioni, dada asije akajiona anatazamwa. Aliisikiliza kwenye redio yake na Jumatatu akaleta taarifa kwamba uzi wa tatu ulegezwe kidogo. Dada ameulegeza.

Kwa niaba ya kituo, bendi, kantini na wote ambao ametutengenezea vitu visivyokuwa kazi yake, nasema asante. Mzee wetu, hatuna masikio ya yule uliyempoteza, na hakuna hata mmoja wetu anayejidai anayo. Ila tupo, na tunajua kukaa bila kukata simu. Uwe na afya, umwone binti yako mara nyingi kuliko Jumapili, na maisha yaliyo mbele yako yawe mema. Unapotupigia huna haja ya kuwa na swali.